Nataka kumpeleka baba Pangani akaone maji yanakoishia. Tupitie wapi, na twende lini?

Mwl_Pasua (Moshi)

Shikamooni wakubwa, wadogo zangu hamjambo.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Moshi, nafundisha historia. Baba yangu ana miaka 74, yuko Kibosho, na maisha yake yote amekuwa mtu wa mfongo. Kwa asiyejua, mfongo ni mfereji wa asili wa Wachagga unaochota maji mtoni huko juu na kuyashusha migombani. Baba ndiye aliyekuwa akipanga zamu, nani afungulie siku gani na saa ngapi, na ndiye aliyekuwa akiwaita watu kuzibua mfereji baada ya mvua kubwa.

Mwezi uliopita tulikaa ukingoni mwa Karanga akaniuliza, "Mwanangu, maji haya nimeyagawa miaka arobaini. Yanayobaki yanaishia wapi?" Nikamweleza: Karanga inaingia Weruweru, Weruweru inaingia Kikuletwa, Kikuletwa inatua Nyumba ya Mungu, na yakitoka pale bwawani ndiyo mto Pangani mpaka baharini. Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Basi nataka niyaone yakiingia."

Baba hajawahi kuiona bahari.

Nami nina langu. Kila mwaka nafundisha biashara ya pwani, upepo wa kaskazi (unaotoka kaskazini) na wa kusi (unaotoka kusini), Wareno na Kilwa, na sijawahi kugusa hata jiwe moja la huko. Mtoto mmoja wa darasa la sita aliniuliza jahazi linageukaje upepo ukilipiga usoni. Sikuwa na jibu, na jambo hilo limenikaa moyoni.

Nina siku nne za likizo fupi ya Septemba. Nimesikia pwani ya kule si mchanga mtupu, kuna majabali na magofu. Je, mzee wa miaka 74 anayetembea vizuri ila magoti yanamsumbua kwenye mteremko, ataweza? Siku nne zinatosha? Na ni kitu gani tusikipite?

Dereva_Njiro (Arusha)

Mwalimu, salama. Mimi huendesha magari ya wageni, na ukiniuliza historia ya vyombo vya baharini nitakwambia Kilwa bila kufikiri. Ibn Battuta alifika pale mwaka 1331 akausifu mji. Dhahabu ya Sofala, bandari ya Msumbiji ya leo, ilipita mikononi mwa masultani wa Kilwa, nao walipiga sarafu zao wenyewe za shaba. Kuna Husuni Kubwa, jumba lililokaa juu ya genge, yaani ukingo mkali wa mwamba, linalotazama bahari, na kuna msikiti mkuu wenye makuba. Wareno waliuvamia mji mwaka 1505. Tangu 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Ila nikupe ukweli wa barabara. Kutoka Moshi mpaka Dar ni siku nzima, na kutoka Dar mpaka Kilwa Masoko ni siku nyingine. Kwa siku nne mzee ataiona zaidi lami kuliko bahari. Na maji ya Kibosho hayaendi Kilwa. Nendeni Tanga na Pangani, Kilwa iwekee likizo ya Desemba.

Mpangani_Ngarenaro (Arusha)

Dada Mwalimu, habari ya mzee nimeisoma mara mbili. Mimi ni mtu wa Pangani. Arusha nilikuja kwa useremala, niko Ngarenaro mwaka wa 22 sasa. Babu mzaa baba alikuwa nahodha wa jahazi lililobeba nazi na boriti za mikoko kwenda Unguja, na baba alikuwa baharia wake kabla hajaiacha bahari. Kwa hiyo nitaandika kirefu, unisamehe.

Kwanza kabisa, usipange safari hii kwa ratiba ya basi. Ipange kwa mwezi. Sisi huku bara tunahesabu tarehe, wenzetu wa pwani wanahesabu maji. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa sana na kupwa sana, ndiyo bamvua, na tofauti ya kujaa na kupwa inapita mita tatu. Katikati ya hapo ni maji mafu, bahari inapanda kidogo na kushuka kidogo. Siku za bamvua, pwani yetu hupwa kwenye saa nne asubuhi hivi na kujaa kwenye saa kumi jioni, na kila siku inayofuata saa hizo zinasogea mbele karibu dakika 50. Bamvua la Septemba ni miongoni mwa makubwa ya mwaka. Likizo yako ikiangukia hapo, umepata. Ikiangukia maji mafu, omba ruhusa usogeze siku.

Kwa nini nasisitiza hivi? Kwa sababu pwani ile ina nyuso mbili, na wageni wengi wanauona mmoja wakarudi. Maji yakijaa utaona bahari imefika chini ya magenge, basi. Yakipwa ndipo utaona mawimbi yalivyoyala majabali kwa chini mpaka yamebaki na vichwa vikubwa na shingo nyembamba kama uyoga, na mbele yake uwanda wa mwamba umetandazwa mbali, vidimbwi vimejaa samaki wadogo, akina mama wamekunja kanga wanatafuta pweza. Jabali lile ni matumbawe. Yalikuwa hai zama ambazo bahari ilikuwa juu kuliko leo. Jiwe hilohilo ndilo wazee walilolijengea misikiti na makaburi, na wakalichoma wakapata chokaa ya kuliunganishia.

Magoti ya mzee: magenge asishuke popote. Kuna mahali ambapo njia ya wavuvi inateremka taratibu, waulizeni wenyeji. Viatu vya kufunga, raba au yeboyebo zenye kamba ya kisigino. Kandambili itabaki mwambani na mguu utachanika, jiwe lile lina makali kama kopo lililokatwa.

Sasa njia. Moshi mpaka Tanga ni kama saa sita za basi. Mwambie mzee akae upande wa dirisha, kwa sababu mto wake atauvuka mara mbili: Korogwe, halafu Hale mkishapita Segera. Pale Hale maji ya kwenu yameshazungusha mitambo ya umeme. Mkifika Muheza nunueni machungwa. Yana habari yake, nakuja.

Tanga laleni usiku mmoja, asubuhi shikeni barabara ya Pangani. Kilomita 17 au zaidi kidogo kuna njia ya kushoto kwenda Tongoni. Tongo ni mahame, mahali palipohamwa, na jina limekaa hapohapo. Kuna gofu la msikiti na makaburi kama 40 ya karne ya 14 na ya 15, mengine yenye nguzo. Nguzo nyingi zimeanguka, lakini tazameni vizuri mtaona vishimo vya mviringo ambamo bakuli za kaure zilipachikwa. Bakuli zile zilitoka ng'ambo zikiwa ngamani, yaani tumboni mwa vyombo. Mtu wa Tongoni alizikwa na bakuli lililovuka bahari ya Hindi. Hilo ndilo la kuwaambia wanafunzi wako.

Kisha simama ukingoni utazame nje. Mafungu na miamba ya bahari ile ndiyo iliyoikamata São Rafael, meli ya Vasco da Gama, Aprili 1498, muda mfupi kabla hawajafika Mombasa. Ilikaa mwambani mpaka maji yalipojaa ikaelea. Wakiwa wamekwama walifikiwa na mitumbwi ya wenyeji, mmoja umejaa machungwa, na mwandishi wao wa safari akaandika kwamba ni mazuri kuliko ya Ureno. Milima waliyoiona huku bara wakaiita kwa jina la meli ile. Milima yenyewe ni Usambara, mtakayokuwa mmeipita jana yake pale Mombo. Januari 1499, wakirudi kutoka India, walirudi hapohapo wakaipakua São Rafael na kuichoma moto, kwa kuwa mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

Walifia wapi hao wengine? Hapa ndipo penye jibu la kaskazi na kusi, Mwalimu. Kwenda, Malindi waliwapa rubani anayeijua njia, wakaondoka mwishoni mwa Aprili kusi ikianza, na chini ya siku 30 walikuwa pwani ya India. Kurudi, waliondoka India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijakomaa. Bahari ikatulia, pepo zikawageuka, wakakaa majini karibu miezi mitatu. Kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga, kikaua watu kama 30. Babu yangu hakusoma shule, ila lile hangelifanya. Mabaharia wa ng'ambo walikuwa wakija na kaskazi na kurudi na kusi, na baina yake wanavuta chombo pwani, wanakalafati (wanaziba nyufa za mbao), wanapaka deheni (mafuta ya kukinga mbao), wanaoa, wanangoja. Kungoja ndiko kulikojenga miji ile. Mfanyabiashara aliyelazimika kukaa miezi minne Mtangata, yaani Tongoni ya kale, au Pangani hakubaki mgeni.

Na kuhusu swali la mtoto wako. Jahazi la tanga la pembe tatu haliendi moja kwa moja upepo unakotoka. Linakwenda upande, upepo ukiwa bega la kulia, kisha linageuzwa, upepo unakuwa bega la kushoto, hivyohivyo linapanda kama mtu anayepanda mlima kwa njia ya kona kona. Kazi ni pale pa kugeuza. Foromali, yaani ule mti mrefu unaobeba tanga, hauwezi kupita mbele ya mlingoti kirahisi, kwa hiyo mara nyingi nahodha huligeuza jahazi kwa kulipa upepo mgongo, na mabaharia wanaibeba foromali kuizungusha upande wa pili wakati tanga linapepea. Baba alikuwa na kovu la demani, kamba ya kuvutia tanga, kiganjani tangu siku moja walipochelewa. Mwambie mtoto ajaribu kwa kamba na kitambaa, ataelewa.

Pangani yenyewe nitaisema kwa ufupi, kwa sababu nusu yake inauma. Ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyopanda bonde la mto kupitia Korogwe na Upare hadi Kilimanjaro na nchi ya Wamaasai. Pembe za ndovu zilishuka, na watu walioshikwa utumwa walishuka. Wengine walitoka kwenye milima yetu hii tunayokaa wewe na mimi. Boma la kale lipo, majumba ya wafanyabiashara yenye milango ya nakshi yapo, mengi yanabomoka. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipotaka kushika ushuru wa pwani, upinzani uliwaka Pangani, na Bushiri bin Salim akauongoza. Wakamnyonga palepale Pangani, tarehe 15 Desemba 1889.

Sasa mlango wa mto, ambao ndio safari ya mzee. Vukeni kwa kivuko mpaka Bweni, mchukulieni bajaji au bodaboda apande kilima, asiende kwa miguu. Fikeni juu maji yakiwa yanapwa, yaani siku za bamvua kwenye saa mbili au saa tatu asubuhi. Saa hiyo mto unatoka. Utaona maji ya kahawia yanaingia ndani ya buluu kama maziwa kwenye chai, na mpaka wake unaonekana. Mkienda maji yakijaa, bahari ndiyo inayousukuma mto nyuma, na mzee atadhani ameletwa mahali siko.

Na hili mwambie, kwa kuwa ni mtu wa kugawa maji ataelewa kuliko mimi. Bahari inapojaa, chumvi hupanda mtoni. Mto ukija na nguvu, chumvi haifiki mbali. Mto ukipungua kwa sababu huku juu maji yamechukuliwa, chumvi inapanda zaidi na kuingia kwenye mashamba ya kingoni. Minazi ya upande wa mama yangu ilikufa hivyo. Silaumu mtu. Ila maji anayoyaacha yapite Kibosho, kwetu yanafika.

Reli_Kaskazini (Moshi)

Mwalimu, nakuongezea kitu cha Tanga mjini ambacho ni cha Moshi pia. Reli kutoka Tanga ilifika hapa Moshi mwaka 1911. Novemba 1914 Waingereza walileta kikosi kama cha watu 8,000 kutoka India kwa meli, wakashuka Ras Kazone. Wajerumani na askari wao, pungufu sana kwa idadi, walisafirishwa haraka kwa treni kutoka Moshi hiihii, na walioshuka melini wakarudishwa baharini. Hata nyuki walioamshwa na risasi waliingia vitani. Makaburi ya vita hivyo yapo mjini. Wanafunzi wako wanaoiona stesheni kila siku wanapaswa kujua treni ile ilibeba nini.

Kama mtabaki na nusu siku, mapango ya Amboni yako kilomita chache kaskazini mwa mji. Ni mawe ya chokaa, na ndani ni baridi. Kwa mwenye magoti mabaya, aishie vyumba vya mwanzo.

Mwl_Pasua (Moshi)

Kaka Mpangani, nimeusoma ujumbe wako kwa sauti mbele ya baba kwa simu. Alipofika kwenye chumvi alinikatisha, akataka nirudie.

Nimetazama kalenda: mwezi unaandama siku ya pili ya likizo. Swali moja limebaki. Nimeona watu wanakwenda kisiwa cha mchanga kiitwacho Maziwe. Baba hajapanda hata mtumbwi. Nimpandishe?

Mpangani_Ngarenaro (Arusha)

Maziwe ni fungu la mchanga katikati ya bahari, nalo ni hifadhi. Zamani lilikuwa na miti, bahari ikaila yote. Siku za bamvua maji yakijaa, fungu lote linazama. Kasa bado hupanda kutaga, na watu wa Ushongo huhamisha mayai kuyaleta pwani yasifunikwe.

Kwa mzee, mimi nisingeanza na Maziwe. Septemba kusi inakufa lakini mchana bado inaamka. Mpeleke kwanza mtoni, kwenye mtumbwi wa mashine, maji yametulia, apite kwenye mikoko na minazi kwa saa moja. Akishuka na uso wake wa kawaida, kesho yake mtafutieni mashua yenye nahodha mtu mzima, muondoke mapema, mrudi kabla ya adhuhuri. Maboya ya kuvaa yawemo, yahesabuni kabla hamjalipa. Mtu akikuambia hayana haja, tafuteni chombo kingine.

Na mkipita wanapounda vyombo, mwacheni mzee akae. Msimkimbize.

Mwl_Pasua (Moshi)

MREJESHO

Wapendwa, tumerudi Jumapili. Naandika kabla sijasahau.

Kwenye basi baba hakulala. Korogwe alisimama kabisa kuutazama mto, kondakta akamwambia akae. Muheza tulinunua machungwa, na Tongoni tukayala tumekaa nje ya ukuta wa makaburi, maji yamepwa, mwamba uko wazi mbali kabisa, na mstari wa povu mwishoni. Nilimsimulia São Rafael. Akauliza swali ambalo halimo kwenye kitabu changu chochote: "Hao walioleta machungwa, walilipwa?"

Kwenye zile nguzo aliingiza vidole katika kishimo cha bakuli, akapima upana wake kwa shubiri. Nami niliweka kiganja juu ya ukuta. Ni jiwe la matundu matundu, na ukilitazama karibu unaona nyota ndogo ndogo za matumbawe. Nimepiga picha kumi na tatu za nyota zile kwa ajili ya darasa.

Pangani tulikaa na fundi mmoja mzee anayetengeneza mashua, karibu saa tatu. Alikuwa akikalafati, anasukuma pamba iliyoloweshwa mafuta katikati ya mbao kwa patasi butu. Akatueleza kwamba zamani sana kulikuwa na mitepe, vyombo visivyo na msumari, mbao zimeshonwa kwa kamba za usumba, yaani nyuzi za makumbi ya nazi, na tanga limesukwa kwa miyaa. Kitabu cha Kigiriki cha miaka karibu 2,000 iliyopita kinautaja mji wa pwani hii, Rhapta, ulioitwa hivyo kwa sababu ya vyombo vya kushonwa. Hilo nilikuwa nalijua, lakini nilikuwa sijawahi kumsikia mtu akilieleza huku ameshika patasi. Baba alimuuliza anajuaje kama maji hayatapita. Fundi akasema, "Yatapita. Siku ya kwanza yanapita, ubao unavimba, kisha yanaacha." Baba akacheka kwa furaha, akaniambia mfongo mpya ndivyo ulivyo, udongo lazima unywe kwanza.

Bweni tulifika saa mbili na nusu. Maji yalikuwa yanatoka. Kaka Mpangani, ni kama ulivyosema, mpaka unaonekana. Baba alisimama na fimbo yake muda mrefu sana na sikumsemesha. Niliona midomo yake inasogea, nikadhani anasali. Baadaye aliniambia alikuwa anayataja majina ya mifongo, mmoja mmoja, kutoka juu kushuka.

Tuliposhuka alitaka kuonja maji. Akaonja ya kivukoni, akatema. Mchana maji yalipojaa tulikuwa kwenye mtumbwi, tumepanda mto kiasi, akaonja tena, na yalikuwa bado yana chumvi. Mwenye mtumbwi akamwonyesha minazi iliyokatika vichwa, imebaki nguzo tupu. Baba hakuongea mpaka tuliporudi gatini.

Maziwe hatukwenda. Upepo uliamka, nahodha mwenyewe akakataa, nikamshukuru.

Jana jioni baba amenipigia. Alikuwa na kikao cha mfongo, amewaeleza wenzake habari ya chumvi na ile minazi. Wazee wawili wanataka kwenda kujionea Desemba. Kaka Mpangani, wanauliza kipindi kile kaskazi inakuwaje, na kama kivukoni Bweni kuna mahali pa kulala wazee watatu bila kupanda kilima.